Habari za Mguu

Buswahili, Butiama
12 Februari 2024

Kwa Wakili Esther,

Shikamoo. Mimi ni Rhobi, yule msichana aliyekupigia simu Ijumaa halafu akanyamaza mpaka salio likaisha. Naomba unisamehe. Nilikuwa nimepanga maneno yote, lakini uliposema "Haloo, nani mwenzangu?" yakapotea. Asante kwa kunitumia ujumbe kwamba kama kusema kunanishinda, basi niandike. Kuandika naweza. Samweli wa bodaboda huja huko Musoma kila wiki kufuata vipuri, na amekubali kutubebea barua.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Naishi na mama, anaitwa Dorotea. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa akinunua dagaa Musoma na kwenda kuwauza Bunda. Mwezi wa saba mwaka jana lori la pamba lilirudi nyuma pale sokoni bila mtu wa kuliongoza, likambana na ukuta. Nyonga na mguu wa kulia vilivunjika. Alilazwa miezi mitatu. Dereva alikubali kosa mbele ya polisi, na kampuni iliyolikatia bima lile lori ikasema italipa.

Sasa imekuja barua yao. Wanasema mama ameshapona, kwa hiyo watalipa dawa na dagaa waliomwagika, basi. Asaini kabla ya mwisho wa Machi. Mama anataka kusaini. Anasema, "Wametukumbuka, si haba."

Mimi sijui sheria, lakini mama hajapona. Daktari alisema nyonga inatakiwa kupasuliwa tena na kuwekewa chuma. Gharama yake hatuiwezi hata tukiuza shamba. Tufanye nini?

Wako,
Rhobi Baltazari


Musoma
16 Februari 2024

Mdogo wangu Rhobi,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka petroli, lakini inasomeka vizuri kuliko barua nyingi za mawakili wenzangu.

Kwanza, mama asisaini. Na umwambie hakuna aliyemkumbuka. Kukumbukwa ni jirani kukuletea sukari ukiwa unaumwa. Hii ni fidia. Wamemharibia mwili na kazi, sasa warudishe maisha yake karibu na pale yalipokuwa, kadiri fedha inavyoweza: matibabu, kipato, maumivu, na miaka yote iliyo mbele. Hakuna wa kupigiwa magoti hapo.

Pili, nimeomba nakala ya taarifa ya mkaguzi wao, Bwana Yakobo, aliyekuja kwenu Desemba. Mbona hukuniambia kwamba alikuja? Ameandika kuwa mama aliulizwa habari za mguu akajibu "nzuri", akaulizwa tena akajibu vilevile. Hakuonekana na magongo. Na mwisho alimsindikiza mgeni kwa miguu hadi barabara kubwa, huku wakiongea.

Rhobi, kama hayo ni kweli, sina kesi. Kama si kweli, huyo mkaguzi amedanganya na nitamshika koo. Niambie ni lipi. Na usiniandikie kwa adabu, niandikie kama ilivyokuwa.

Dada yako,
Esther Machage


Buswahili
21 Februari 2024

Dada Wakili, shikamoo.

Ni kweli. Lakini mama hajapona. Sijui nieleze vipi uelewe kwamba yote mawili yapo.

Walipiga simu siku moja kabla. Mama akaniambia nifagie uwanja, nikaazime kiti cha jirani yetu Mama Gati, ninunue soda. Magongo akaniambia niyasukume chini ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mgeni anakuja nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza, nimkaribishe na mafimbo?" Akavaa kile kitenge chake cha Pasaka. Nilimkalisha kwenye kiti mapema, kwa hiyo yule kaka hakumwona mama akikaa. Angemwona akikaa, angeelewa.

Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu sana. Pole na safari."

"Asante. Habari za mguu?"

"Nzuri."

"Kweli, mama? Hali ni nzuri?"

"Nzuri tu, baba. Sijui ninyi huko mlikotoka?"

Wewe si mgeni wa huku, Dada. Hata msibani mtu akiulizwa habari anajibu nzuri kwanza, halafu ndiyo anataja aliyekufa. Mama alikuwa anangoja wanywe soda, waulizane mvua na mashamba, kisha aulizwe tena, ndipo aseme. Lakini yule kaka alikuwa na haraka. Alikunywa nusu, akaandika, akainuka.

Mama naye akainuka. Niliona midomo yake imekuwa myeupe. Nikasema, "Mama, nitamsindikiza mimi." Akanikata jicho. "Mgeni wangu asindikizwe na mtoto, kwani mimi nimekufa?"

Njia yetu ina ua wa minyaa mpaka karibu na barabara. Alikwenda akishika mnyaa mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemwonyesha mgeni mpaka wa shamba. Alikuwa anamsimulia habari za pamba ya mwaka huu. Wakaagana. Gari lilipopotea akakaa chini palepale kwenye vumbi, na kitenge chake cha Pasaka. Nilimrudisha nimembeba mgongoni. Hakutoka kitandani mpaka Jumapili.

Kwa hiyo mkaguzi hakudanganya. Aliandika alichokiona.

Kuna jambo jingine, ndilo gumu kuliko yote, lakini mama amenikataza kumwambia mtu. Hilo sitaliandika.

Rhobi


Musoma
27 Februari 2024

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea ofisini. Nilicheka, kisha nikainuka nikafunga mlango.

Mama yangu mzazi, kule Tarime, aliwahi kumkaribisha katekista chai huku anatetemeka kwa malaria. Alipomaliza kuosha vikombe ndipo akaanguka. Kwa hiyo simshiki mtu koo tena. Bwana Yakobo ameona mwanamke mwenye adabu, akaandika mwanamke mzima. Kazi yetu ni kumwonyesha tofauti.

Nimewaandikia, na wamekubali kusikiliza upya. Ni hapa ofisini kwetu, tarehe 14 Machi. Atakuja Bwana Yakobo na mwanasheria wao. Daktari Clementi anayemtibu mama atakuja na picha za nyonga. Lakini picha inaonyesha mfupa tu, haionyeshi siku ya mama yako inavyokwenda tangu anapoamka. Hiyo unaijua wewe, na nitakuomba uiseme.

Nakusikia ukinyamaza kutoka hapa Musoma.

Mama lazima awepo, na aje na magongo yake. Mfundishe kujibu. Akiulizwa habari za mguu, aseme za mguu.

Lile ulilokatazwa liache hapo lilipo. Ni lake. Ila muulize tena, mara moja, ukimweleza kwa nini.

Esther


Buswahili
5 Machi 2024

Dada Wakili, shikamoo.

Tumefanya mazoezi. Nilivaa koti la marehemu baba nikajifanya Bwana Yakobo, nikabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Mama alicheka kabla hatujaanza.

"Habari za mguu, mama?"

"Nzuri."

"Mama!"

"Haya, haya. Toka nje uingie tena."

Nikatoka, nikaingia. "Habari za mguu, mama?"

"Nzuri kidogo."

"Sema mbaya, mama. Neno moja tu."

"Rhobi, mtu amekusalimia vizuri, wewe unamrushia mbaya usoni kama unamwagia maji ya vyombo? Mimi sikulelewaga hivyo."

Jioni tulifika kwenye "nzuri, ila si nzuri sana". Ndipo tulipoishia. Mama Gati alikuwa anasikiliza ng'ambo ya ua. Akapiga kelele, "Dorotea, hiyo kesi mtashindwa na salamu!"

Lile jambo nimemuuliza tena kama ulivyosema. Nilimweleza kwamba fidia haiwezi kulipia kitu ambacho hawakijui. Akasema, "Hilo likitoka nje ya nyumba hii, usiniite mama." Kwa hiyo hapana.

Na mimi naogopa. Shuleni nilikuwa naitika jina langu kwa kuinua mkono. Mwalimu wa Kiswahili alinipa alama za juu kwenye insha, na kwenye mdahalo akaniweka kuwa mtunza saa. Nitakuja, lakini usishangae nikishindwa.

Rhobi


Buswahili
15 Machi 2024

Dada Wakili, shikamoo.

Naomba msamaha kwa kukimbia jana. Najua ulinitafuta. Nilikuwa kwenye mawe kule ziwani, mpaka Samweli aliponiona.

Sikupanga. Bwana Yakobo aliposema "Habari za mguu, mama?" na mama akajibu "Nzuri," nilimngoja aseme "ila". Hakusema. Yule mwanasheria wao akaangalia saa yake. Sikujua kama nimesimama mpaka nilipoona nyote mnanitazama kutoka chini.

Sasa sikumbuki vizuri nilianza wapi. Nakumbuka nilisema mama hawezi kuchuchumaa. Nikasema choo chetu ni cha shimo, na mimi ndiye ninayemshika makwapani, mchana na usiku, na kumsafisha kama mtoto. Nikasema alikuwa anapakia ndoo za dagaa peke yake na sasa hawezi kuvaa nguo ya ndani bila mimi. Nikasema hanywi maji tangu saa kumi jioni ili asiniamshe usiku, na kwamba siku ile alipomkaribisha yule kaka soda, yeye mwenyewe alikuwa hajanywa kitu tangu jana yake.

Niliyasema yote hayo mbele ya wanaume watatu, na Daktari Clementi ni rika la mjomba wangu. Mama alikuwa amekaa pale, ameshika mkoba wake mapajani.

Tangu tutoke huko hajanisemesha. Akitaka kitu ananyoosha kidole. Chai nikimpa anapokea, anaangalia ukutani. Alinikataza mara mbili, na mimi nimemvua nguo mbele za watu.

Kama nimeharibu kesi, niambie. Na kama sijaiharibu, sijui kama nitafurahi.

Rhobi


Buswahili
17 Machi 2024

Mwanangu Wakili,

Pole na kazi. Mimi ni Dorotea, naandika mwenyewe, Rhobi ameenda kisimani. Niliishiaga darasa la saba kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nataka ujue kitu kuhusu huyu mtoto. Hakuwaga na sauti. Kanisani akipewaga somo, padri anasema "sauti, binti, sauti," mpaka misa inachelewa. Mimi nilikuwa nasemaga moyoni, huyu nikifa nani atamsikia? Siku ile nimeisikia sauti yake. Sikujuaga kama anayo kubwa vile.

Anafikiri nimekasirika. Nilikasirika, ndiyo. Nilikasirika mpaka njiani tulipofika Kiabakari, hasira ikaisha. Sasa simsemeshi kwa sababu nikifungua mdomo nitalia, na yeye hakulia. Nilimwangalia sana pale, hakulia hata kidogo. Angelia, wale wangefikiri tunaomba.

Halafu ile ya maji. Nilikuwa nasema nimeshiba, nimekunywa kwa Mama Gati. Nilifikiri namficha. Kumbe ananihesabia.

Nitamsemesha, ila usinisukume. Na usimwambie kama nimeandika. Samweli nimemwonya, akifungua mdomo wake hanywi tena uji hapa.

Mungu akubariki wewe na wazazi wako.

Dorotea


Musoma
3 Aprili 2024

Mdogo wangu Rhobi,

Keti kwanza.

Wamekubali. Watalipia upasuaji wa nyonga na mazoezi yote baada ya hapo. Watalipa kipato alichokosa mama tangu ajali, na atakachokosa mpaka atakapoweza kusimama sokoni tena, kama ataweza. Watalipia maumivu. Watalipia choo cha kukaa, kijengwe karibu na nyumba, na mtu wa kumsaidia. Na miezi hii yote ambayo wewe umekuwa ukimtunza wameihesabu kuwa ni kazi, kwa sababu ni kazi. Kile walichotaka asaini mwanzoni na hiki cha sasa havifanani hata kwa jina.

Sasa nikueleze ulichokikosa kwa kukimbia.

Ulipotoka, Bwana Yakobo akamgeukia mama. "Mama, ni kweli?"

Mama akasema, "Mwanangu hasemi uongo. Mimi ndiye niliyekudanganya, kwa adabu. Andika alivyosema."

Akaandika. Akafika mahali akasimamisha kalamu. "Mama, tulipoagana pale barabarani mkono wako ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ni uzee."

"Uzee? Mimi? Nina miaka arobaini na mbili, kijana!"

Hata mwanasheria wao alicheka. Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Daktari Clementi alieleza nyonga, na kila alipotaja jambo, Bwana Yakobo alimuuliza mama tena, "Na hapo, mama, ukweli?" Na mama akawa anasema. Aliongea kuliko sisi wote. Ulifungua mlango, Rhobi, yeye akapita.

Kusaini ni tarehe 12, kwenye tawi lao Bunda. Mimi siku hiyo nina kesi Tarime na sitaweza kufika. Makubaliano nimeyasoma mara nyingi, yako sawa. Lakini kabla mama hajaweka saini, msomee kila ukurasa. Kwa Kiswahili cha kwenu, si cha kwetu mawakili.

Na mama yako hajakasirika. Usiniulize nimejuaje.

Esther


Buswahili
14 Aprili 2024

Dada Esther, shikamoo.

Hii ni barua ya pili umesaini Esther tu, kwa hiyo na mimi nimeacha kuandika Wakili. Kama nimekosea utaniambia.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa kama ulivyosema, nikachelewa. Nilimsomea mama habari ya fidia. Habari ya kilichotokea nilipotoka sikumsomea, nilimwangalia tu. Akasema, "Nini?" Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Musoma. Nikasema, "Mama, mimi ni mkosaji." Akasema, "Wewe ni mkosaji, ndiyo, chai yako haina sukari siku zote hizi na mimi nimenyamaza tu." Kisha akalia sana. Na mimi nikalia. Mama Gati alikuja mbio akidhani kuna msiba, naye akalia kwanza ndipo akauliza.

Ijumaa tulikwenda Bunda. Walitupa chumba chenye meza ndefu na msichana wa ofisi akatuletea maji. Mama akanywa glasi yote, akaomba nyingine. Nilisoma kurasa zote kwa sauti. Ilichukua muda. Kwenye ukurasa wa tatu bosi wao wa tawi aliingia, mwanaume mnene mwenye tai, akasema, "Binti, hayo mama ameshaelezwa, tuokoe muda." Nilisikia moto masikioni. Nikasema, "Naomba nimalize." Nikamaliza. Palipoandikwa "ulemavu wa kudumu kwa kiasi" mama aliniambia nirudie, nikarudia, akatikisa kichwa akasema, "Sawa. Ndivyo mguu ulivyo."

Akasaini. Aliandika jina lake lote mpaka la babu.

Hapo ndipo palipotokea kitu nilichotaka ukijue. Bosi alisimama, akampa mama mkono, akasema, "Hongera sana, mama. Kampuni imekujali." Akangoja. Dada Esther, mama yangu anamshukuru mtu aliyempa nafasi ya kukaa. Anamshukuru anayemrudishia chenji. Nilijua neno asante linakuja. Tuliposubiri sana, mama akamwangalia tu, akasema, "Haya."

Akachukua magongo, tukatoka. Nilikuwa natazama sakafu nisicheke.

Nje nikamuuliza, "Mama, mbona hukusema asante?"

Akasimama. "Rhobi, mtu amekukanyaga. Akiondoa mguu wake, unamshukuru?"

"Hapana."

"Ukimwambia asante, kesho atasema alikupa zawadi." Alienda hatua chache, akasimama tena. "Wewe nitakushukuru. Lakini si leo, leo nitalia tena, na hapa ni sokoni, wananijua."

Upasuaji umepangwa mwezi wa tano. Daktari Clementi anasema hatarudi kama zamani, ila ataweza kuketi na kuinuka mwenyewe, na kutembea na fimbo moja. Mama alimuuliza kama ataweza kupakia ndoo ya dagaa. Akasema hapana. Mama akauliza kama ataweza kukaa kwenye kiti na kumwambia mtu mwingine jinsi ya kuipakia. Akasema hiyo ndiyo. "Basi," mama akasema.

Mimi nimeomba nafasi ya chuo, kile cha Musoma cha maendeleo ya jamii. Wanafanya usaili wa ana kwa ana. Naogopa, lakini nitakwenda.

Karibu sana Buswahili. Ukija na ukaulizwa habari, mama anasema useme za kweli, hata kama ni mbaya, maana sasa na yeye anazisema kwa kila mtu. Mama Gati anasema zamani ilikuwa nafuu.

Siku ile ya Bunda tulikula sato kwenye hoteli ya pale stendi. Mama alikula vichwa viwili.

Wako,
Rhobi